Injini ya Kombi ikiwa chini: kazi ambazo hazina nafasi nyingine

Kombi74 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Gari langu ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1974, yenye injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, na makazi yake ni Tanga. Mwezi uliopita klachi ilianza kuteleza kwenye kile kipande cha kupanda kutoka Mombo kwenda Soni: injini inanguruma, mshale wa mwendo unashuka, na malori yaliyokuwa nyuma yangu yanapiga honi. Nilirudi taratibu, na Jumamosi iliyofuata nikaishusha injini mwenyewe nikisaidiwa na kijana wa jirani. Sasa imekaa juu ya matairi mawili chakavu, nami nimeshika daftari badala ya spana.

Nina sababu ya kuanza na daftari. Miaka michache iliyopita, gereji moja ilinibadilishia klachi pleti ya gari hilihili, na sili ya krenki (pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye mhimili mkuu wa injini), iliyo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi hufungwa juu yake, ikaachwa kwa hoja kwamba ilikuwa haivuji. Haikuchukua miezi miwili oili ikawa imelowesha pleti mpya, gari likawa linatetemeka kila ninapoachia klachi, na injini ikashushwa tena kwa gharama yangu. Sili yenyewe nilikuja kuinunua kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana tulichokula mimi na fundi siku hiyo.

Tangu hapo ninajiuliza swali moja tu kwa kila kifaa: kikiharibika mwezi ujao, nitalazimika kuishusha injini tena ili nikifikie? Kama jibu ni ndiyo, kinabadilishwa sasa hata kama kinaonekana kizima. Kama jibu ni hapana, kinasubiri, hata kama kinanikera. Kwa swali hilo nimeyaondoa kwenye daftari mambo mengi ambayo watu huyabeba kwa pamoja injini inapokuwa chini, kama vile mipira ya CV (viungo vya ekseli), kurekebisha valvu, kubadilisha plagi na kusafisha kabureta. Hayo yote yanafanyika siku yoyote gari likiwa zima, na ukiyachanganya na kazi hii, gari litalala uani mpaka kuku wataliwekea mayai.

Nianze na lile ambalo nadhani wengi hatulifikirii kabisa, yaani mipira ya tangi la mafuta.

Katika Kombi za umbo hili, ambazo Ujerumani ilizitengeneza kuanzia mwaka 1967 hadi 1979, tangi limekaa mbele ya injini, limefichwa nyuma ya bati linalofungwa kwa skrubu. Bati hilo halitoki wala tangi halipiti mpaka injini iondoke. Maana yake ni kwamba mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, mipira myembamba ya kupumulia inayopanda pembeni, na ule wa chini unaopeleka petroli kwenye bomba la injini, yote hukaa huko miaka na miaka bila kuonwa na mtu. Nilipolifungua bati la kwangu, mpira wa kupumulia wa upande wa kushoto ulivunjika vidoleni kama biskuti. Ule wa chini ulikuwa mzima kwa kuutazama, lakini nilipoukunja ukafunguka nyufa ndogondogo mzunguko mzima, na harufu ya petroli ikatoka humo. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiilaumu kabureta kwa harufu inayojaa ndani ya gari kila ninapojaza tangi.

Jambo hili si la harufu tu. Petroli inayodondoka hapo inaangukia eneo lenye injini ya moto, starta na nyaya. Aidha, kizuizi cha injini hizi, yaani bloku, kimeundwa kwa aloi ya magnesi, metali ambayo ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji, kwa sababu maji huuchochea moto huo. Aliyewahi kuona Kombi ikiungua anajua kwamba hubaki fremu tu.

Kwa hiyo nimetoa tangi lote. Mipira yote inabadilishwa kwa mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, na sisemi hivyo kwa bahati mbaya, kwani ndani ya gari langu nimekuta kipande cha mpira wa maji ya kuoshea kioo kikiwa kimeungwa kwenye njia ya petroli. Klampu ninazotumia ni zile ndogo zinazokumbatia mpira mzunguko mzima, si zile pana zenye matundu ambazo meno yake huukata mpira. Kipimo cha mafuta kinachokaa juu ya tangi nacho kinapata gasketi mpya, na nimekipima kwa mita kwa kuliinua na kulishusha boya lake, kwa kuwa kikifa baadaye nitakuwa nimerudi kulekule. Chujio la petroli nalihamishia chini ya gari, kabla bomba halijaingia kwenye chumba cha injini. Aliyelifunga mwanzo alilining'iniza juu ya distributa, mahali ambapo cheche huzaliwa.

Baada ya tangi inafuata sili ya krenki, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kabla ya kufungua flaiwili, nilishika puli ya feni ya chini kwa mikono miwili nikaivuta na kuisukuma. Ukisikia mgongano wa wazi, krenki inacheza mbele na nyuma kuliko inavyotakiwa. Mchezo unaokubalika ni kati ya milimita 0.07 na 0.13. Wa kwangu ulionyesha 0.20 kwenye saa ya kupimia, na sili mpya haiwezi kudumu juu ya krenki inayotembea hivyo. Mchezo huo hurekebishwa kwa washa nyembamba, ambazo mafundi huziita shimu, zinazokaa nyuma ya flaiwili. Lazima ziwe tatu, si mbili wala nne. Unafunga flaiwili ukiwa umeweka shimu mbili bila sili, unapima, kisha unatoa 0.10, na kinachobaki ndicho unene wa shimu ya tatu. Mimi nilipata 0.42, kwa hiyo ya tatu ikawa ya 0.32. Kabla ya kufunga kwa mara ya mwisho, msisahau mpira mdogo wa mviringo ulio ndani ya flaiwili yenyewe. Wengi hubadilisha sili kubwa, wakauacha huo, kisha oili ikivuja wanailaumu sili.

Nati ya katikati ya flaiwili ni ya spana 36, na inataka nguvu ya kukaza ya karibu Nm (nyutoni mita) 350. Toki renchi nyingi za mitaani hazifiki huko. Nilifanya hesabu ya darasani: mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba, umbali wa sentimita 50 kutoka kwenye nati, anatoa karibu Nm 343. Jirani yangu alipimwa kilo 71 kwenye mizani ya dukani, akapanda. Flaiwili tuliizuia kwa chuma cha pembe kilichofungwa kwenye matundu mawili ya presha pleti.

Kwa upande wa klachi, ninabadilisha pleti, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili) na rilizi beringi (inayoisukuma presha pleti ukikanyaga klachi) kwa pamoja. Ndani ya kengele ya giaboksi, yaani sehemu yake pana inayofunika klachi, kuna vitu vinne ambavyo ni rahisi kuvisahau: sili ya shafti inayoingia kwenye klachi, bushi za mhimili wa uma wa klachi, bomba la kuongozea rilizi beringi, na bushi ndogo ya shaba ambamo ncha ya starta huzunguka. Hiyo ya mwisho ikilika, starta hulegea na kupiga kelele, nawe utanunua starta mbili kabla ya kugundua kwamba tatizo ni kipande cha shaba chenye ukubwa wa kidole. Kama ndani ya kengele kuna unyevu na hujui umetoka wapi, unuse: oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa, ya injini haina.

Naomba wenye uzoefu mnikosoe na kuniongezea kabla sijapandisha.

---

FundiMstaafu

Kijana, umeanza vizuri, na nimefurahi kuona umeanza na tangi. Nina mambo matatu.

La kwanza, hukutaja giaboksi imeshikiliwa na nini wakati huu. Katika Kombi ya umbo hilo, ule mtambaa wa chuma ulio nyuma ya injini ndio unaobeba uzito wa upande wa nyuma, na ukishautoa, giaboksi inaning'inia kwenye raba ya pua yake peke yake. Weka jeki au gogo chini yake sasa hivi. Na kwa kuwa uko hapo, tikisa ile raba ya mbele. Kama imepasuka au imelowa oili, ibadilishe, kwa sababu raba hiyo ikilegea klachi hutetemeka hata kama kila kilichomo ndani ni kipya.

La pili, usioshe injini kwa petroli. Vijana wa siku hizi wanamwaga petroli juu ya injini na mmoja anavuta sigara pembeni. Tumia mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni na maji, ila kwanza ziba mdomo wa kabureta, tundu la pampu ya petroli na distributa kwa matambara na nailoni. Halafu hesabu matambara uliyoyaweka. Nimewahi kufungua injini iliyogoma kuwaka, nikakuta soksi kwenye manifoldi.

La tatu, ondoa boksi la feni. Hujasema neno juu ya upoaji, nawe unasema unapanda Soni. Injini hii haina rejeta wala maji. Uhai wake ni hewa na oili. Chini ya boksi hilo kuna kipoza oili, na katikati ya mapezi yake utakuta vumbi lililoganda kwa oili, manyoya, na pengine kiota cha panya. Ukilitoa boksi, badilisha sili mbili za kipoza oili. Ni vipete viwili vya mpira tu, lakini vikivuja, oili inarushwa na upepo wa feni mpaka kwenye silinda, nawe unadhani injini nzima imechakaa. Ningefanya kazi hiyo kabla ya nyingine zote.

---

Kombi74

Shikamoo Mzee. Gogo limeshawekwa, nashukuru. Boksi la feni nimelitoa leo asubuhi, na kwa kweli nimeona aibu. Kati ya silinda ya tatu na ya nne palikuwa na tope gumu ambalo nimelitoa kwa bisibisi, nusu kopo la maziwa. Panya sijamkuta, ila maganda ya karanga yapo.

Nina swali. Vile vibati vinavyofunguka na kufunga ndani ya boksi la feni, pamoja na themostati yake, havimo kabisa. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliniambia viliondolewa kwa sababu nchi yetu ni ya joto na havina kazi. Je, nivitafute?

---

FundiMstaafu

Vitafute. Hoja ya nchi ya joto nimeisikia maisha yangu yote, na haina mashiko. Vibati vile havifanyi kazi ya kufunga tu. Vikiwa vimefunguka huiongoza hewa iende kwenye vichwa vya silinda na kwenye kipoza oili kwa kiasi kinachotakiwa. Ukivitoa, hewa inapita inakotaka. Themostati nayo hufunguka injini ikifika nyuzi 65 hadi 70 hivi, na ikifa kwa kutoboka hubaki imefunguka, kwa hiyo kuharibika kwake hakukuunguzii injini. Faida yake ni kwamba injini inapata joto haraka asubuhi na hailiki. Kwa Tanga unaweza kubishana nami, kwa Lushoto mwezi wa saba hutabishana.

---

DadaSpea

Habari zenu. Mimi nashughulika na spea za magari ya zamani, na nataka kuongeza jambo kuhusu mabati na mpira wa pembezoni mwa injini, maana wateja wengi hununua klachi na kuukataa mpira huu.

Ukitazama chumba cha injini cha Kombi, utaona mfereji unaozunguka kote, ambamo mpira mrefu unatakiwa kukaa na kubana mabati ya injini. Kazi yake ni kutenganisha juu na chini. Feni huvuta hewa ya juu, huipitisha kwenye silinda, na hewa hiyo ikishapata joto hutokea chini pamoja na joto la ekzosi. Mpira usipokuwepo, hewa ya moto hurudi juu kupitia pengo hilo na feni huivuta tena. Kuupachika injini ikiwa juu ni mateso ya vidole. Injini ikiwa chini ni kazi ya robo saa. Angalia pia vifuniko vya mpira vya waya za plagi, kwa sababu hivyo navyo huziba matundu ya mabati.

Ushauri wa ununuzi: njoo dukani na vifaa vya zamani mkononi, hasa mipira ya tangi na rilizi beringi. Volkswagen ilibadilisha muundo wa rilizi beringi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ule wa zamani na ule unaopita juu ya bomba haviingiliani, na giaboksi nyingi za huku zimeshahamishwa kutoka gari hadi gari. Mwaka wa gari haukuambii giaboksi ni ya mwaka gani. Habari njema ni kwamba Brazili iliendelea kutengeneza Kombi hadi mwaka 2013, na zile zilizokuwa na injini ya hewa hadi mwaka 2005, kwa hiyo spea nyingi bado zinapatikana zikiwa mpya.

---

Msafiri_NBO

Mkuu, hongera kwa uzi huu. Ninayo ya mwaka 1972 hapa Nairobi, iliyokuwa gari la watalii, na nataka kuishusha injini mwezi ujao. Kuna mtu ananishawishi kwamba nikishaishusha niifungue yote, nibadilishe pistoni na ringi, kwa kuwa gharama ya kushusha nitakuwa nimeshailipa. Je, nimsikilize?

---

Kombi74

Ndugu yangu, jibu la swali hilo linatafutwa kabla injini haijashuka. Ikiwa bado juu na ina joto, toa plagi zote, pima kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda, uandike. Silinda nne zikiwa karibu sawa na gari halitoi moshi wa bluu, sioni sababu ya kuifungua injini inayofanya kazi; unaweza kuipokea ikiwa mbaya kuliko ulivyoipeleka. Moja ikiwa imeanguka mbali na wenzake, basi shusha ukijua unakwenda kutafuta nini. Mimi nilipima, zikatofautiana kidogo sana, nikafunga daftari kwa upande huo.

Kuna hali moja tu ambayo ingenilazimisha. Ukipima mchezo wa krenki, tazama pia kama beringi ya upande wa flaiwili yenyewe inatembea ndani ya kizuizi. Ikitembea, shimu hazisaidii lolote, kwa sababu kilicholika ni kitanda cha beringi, na hapo injini haina budi kufunguliwa na kizuizi kupelekwa kwa mchonga vyuma.

---

HiaceYaBaba

Samahani kwa kuingilia, mimi nina Toyota Hiace yenye injini ya dizeli ya 3L, na injini itatoka wiki ijayo kwa sababu ya sili ya nyuma. Je, swali lako la daftari linafaa na kwangu?

---

FundiMstaafu

Linafaa, ila majibu yake ni tofauti kwa sababu yako ina maji. Anza na vile vifuniko vya bati vilivyopigwa kwenye kizuizi, hasa vya nyuma, ambavyo giaboksi ikishafungwa huvioni tena. Vikiwa na kutu au doa jeupe la maji yaliyokauka, vitoe vyote, kwa sababu vimezaliwa siku moja na vitakufa pamoja. Fuata mabomba na mipira ya maji iliyojificha nyuma ya injini, kisha raba za kushikilia injini.

Kuhusu mkanda wa taimingi nitapingana kidogo na mwenye uzi. Kwa swali lake, mkanda ungesubiri, maana unaweza kubadilishwa injini ikiwa garini. Lakini Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na katika injini hiyo ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa ukiwa umesimama wima, badala ya kulala chini ya viti. Sili ya mbele ya krenki ipo nyuma yake hapohapo.

---

Kombi74

Mzee, nakubali, daftari limepata mstari wa ziada.

Naleta taarifa ya mwisho kabla ya kupandisha. Siku tatu nimezitumia kwenye kutu, kwa kuwa chumba cha injini kikiwa kitupu mtu mzima anaingia nusu mwili. Sahani ya betri ya upande wa kulia ilikuwa imetobolewa na asidi kiasi cha kupitisha kidole. Nimeikata, nimechomea bati jipya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Kwa sisi wa pwani chumvi haisubiri. Nyaya za koili, za altaneta na ya swichi ya presha ya oili nimeziwekea vichwa vipya, maana zote zilikuwa ngumu kama vijiti. Nimebadilisha pia waya wa klachi na nimepitisha grisi kwenye waya wa eksileta.

Vibati na themostati nimevipata vikiwa vimetumika, vinafunguka na kufunga bila kukwama.

Jana jioni nilirudisha tangi, nikafunga mipira yote, lakini bati sijalirudisha. Nilimimina lita kumi za petroli, nikalaza karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, na kuacha hadi asubuhi, betri ikiwa nje na geti limefungwa. Alfajiri niliingia na tochi. Karatasi tatu zilikuwa kavu. Ya nne, iliyokuwa chini ya mpira mnene wa mdomo wa kujazia, ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, kwa sababu klampu ya chini ilikuwa imekaa upande. Nimeifungua, nimeinyoosha, nimeikaza upya, na nimeweka karatasi nyingine. Ikiwa kavu kesho asubuhi, bati linarudi, na jirani wa kilo 71 ameahidi kuja saa nne kusaidia kupandisha.